Msumaki: Jani la Kiwandani, Tunda la Jikoni

Karibu mwaka 1025, merikebu ya wafanyabiashara iliyotoka pwani ya Shamu ilizama katika ghuba ndogo ya Serçe Limanı, kusini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Ilikaa chini ya maji zaidi ya miaka 900. Kati ya mwaka 1977 na 1979, waakiolojia wazamiaji wakiongozwa na George Bass waliifukua na kukuta shehena ya ajabu: tani tatu za vioo, mabonge ya kioo ghafi na vigae vilivyovunjika, vilivyokuwa vikipelekwa kuyeyushwa upya. Vioo hivyo vikawa gumzo la wasomi, na ndivyo vilivyoipa merikebu jina. Lakini ndani ya tope lile lile mlikuwa na vitu vya watu wa kawaida, vyakula na viungo, na miongoni mwake punje za sumaki.

Mswahili aliyepata kuishi Maskati au Dubai huenda ameiona sumaki mezani: unga wa rangi nyekundu iliyoiva, wenye ugwadu, unaonyunyizwa juu ya nyama ya kuchoma, vitunguu vibichi na saladi. Huo ni unga wa tunda. Kichaka chenyewe, ambacho wanasayansi hukiita Rhus coriaria, humea chenyewe kwenye miteremko ya mawe kuanzia Sisilia hadi Iran. Hutoa vichala vilivyosongamana vya matunda madogo kuliko njegere, yenye ngozi nyembamba iliyojaa vinyweleo. Nyama ya tunda ni kidogo mno. Ugwadu wote uko juu juu, kwenye ngozi na vinyweleo vyake.

Majani nayo yana kitu kingine kabisa. Robo ya uzito wake, wakati mwingine zaidi, ni tanini, kile kinacholeta ukakasi mdomoni na kinachogeuza ngozi mbichi ya mnyama iwe ngozi isiyooza. Mti mmoja, basi, una mali mbili. Historia yake yote ni historia ya mali hizo mbili na watu wawili tofauti waliozitaka: mwenye kiwanda alifuata jani, mwenye chungu alifuata tunda. Vitabu vya biashara vimemjali sana yule wa kwanza. Mimi namfuata wa pili, kwa sababu ndiye aliyebaki.

Tofauti hiyo ni ya kale. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyeandika juu ya mimea huko Ugiriki yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliujua mti huu kama mti wa mafundi ngozi. Baada yake, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, tabibu Dioscorides aliandika kitabu chake kikubwa cha dawa, na humo akaeleza wazi kwamba tunda la mti ule ule wa mafundi ngozi ndilo linalonyunyizwa juu ya vitoweo. Sentensi chache tu, lakini zinatuonyesha kwamba katika miji ya Bahari ya Mediterania, wakati wa utawala wa Warumi, watu walikuwa tayari wakiinyunyiza sumaki kama inavyonyunyizwa leo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka katika sheria za Wayahudi. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inataja miti ambayo mwenye shamba anapovuna ni lazima awaachie maskini sehemu ya mazao. Katika orodha hiyo mna mlozi, mzabibu, mkomamanga, mzeituni na mtende, miti yenye heshima ya mashambani. Na wa kwanza kutajwa, kabla ya hiyo yote, ni msumaki. Mahali pengine, sheria hizo hizo zinaiweka sumaki pamoja na vitu ambavyo havikubanwa sana kwa habari ya zaka, na wafafanuzi wakaeleza kwamba aghalabu vilikuwa vya porini visivyo na mwenyewe. Hapo tunauona mti ulivyosimama katika maisha ya watu: nusu ndani ya shamba, nusu nje ya ua, na maskini akiwa na haki juu yake pande zote mbili.

Karne kadhaa baada ya Mishna, tunaikuta sumaki kwenye karamu za wakubwa. Baghdad ya Makhalifa wa Abbasi ilikuwa na fasihi ya mapishi ambayo miji michache ya enzi hizo iliweza kuifikia. Katika karne ya kumi Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya mapishi ya ikulu, na mwaka 1226 mwandishi ajulikanaye kama al-Baghdadi aliandika kitabu kingine ambacho sura yake ya kwanza ni ya vyakula vya ugwadu. Mle ndani mna summaqiyya: nyama yenye mafuta inachemshwa, inatiwa mboga za majani, karoti na kitunguu, sumaki inachemshwa kidogo kando pamoja na chumvi na nyama ya mkate, inachujwa, na maji yake mekundu yanamiminwa chunguni, kisha viungo vya kunukia, na jozi zilizopondwa za kuuzitisha mchuzi. Angalia hatua ile ya katikati. Sumaki haikuingia chunguni ikiwa unga. Ilitolewa maji yake kwanza, ikachujwa, makapi yakatupwa. Ni njia ile ile ya mpishi wa pwani yetu anayeloweka ukwaju, akaukamua kwa vidole na kubaki na maji mazito ya kutia kwenye mchuzi. Mbegu ya sumaki ni ngumu na haina ladha. Mwenye akili hachukui zaidi ya kilichoko kwenye ngozi.

Pishi hilo lilisafiri. Vitabu vya upishi vya Italia vya zama za kati vina kuku wa kupikwa kwa sumaki, na jina la pishi, sumachia au somacchia, linatangaza lilikotoka. Ulaya baadaye ikalisahau.

Gaza haikusahau. Huko kuna chakula kinachoitwa sumaghiyyeh, ambacho familia hupika kwa masufuria makubwa wakati wa Idi na harusi, na kugawia jirani na jamaa bakuli kwa bakuli. Punje za sumaki hulowekwa na kukamuliwa mpaka maji yawe mekundu ya kukolea. Humo huingia nyama ya ng'ombe, dengu nene za njano, mboga za majani, unga wa kuzitisha, ufuta uliosagwa, na mwisho kitunguu saumu kilichopondwa na mbegu za bizari na pilipili. Huachwa ipoe, ikaliwa kwa mkate. Ukiliweka pishi hili kando ya lile la mwaka 1226, utaona tena nyama, mboga za majani na maji ya sumaki yaliyochujwa. Jozi zimeupisha ufuta. Vitabu vya Baghdad vililala maktabani muda mrefu kabla wasomi hawajavifukua, lakini wanawake wa Gaza walikuwa na pishi mikononi muda wote huo. Naandika haya nikijua kwamba vita vilivyoanza Oktoba 2023 vimewanyang'anya wengi wao hata jiko lenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini limau halikuifuta sumaki. Limau lilitoka Asia, na kuanzia karne ya kumi wakulima wa Kiarabu walilieneza katika nchi za Mediterania. Jibu ni kwamba limau linataka bustani, maji na mtu wa kulitunza, na baridi kali huliua. Msumaki hutaka mawe. Tena limau likikaa huoza, ilhali sumaki iliyokaushwa vizuri hukaa mpaka mavuno yajayo. Na kuna jambo ambalo kila mchoma nyama analifahamu: maji ya limau hulowesha, unga wa sumaki hauloweshi. Ndiyo maana Wairani hunyunyiza sumaki juu ya kababu na wali, Wapalestina huifunika musakhan kwa vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya zeituni na sumaki hadi mkate uliolaliwa na kuku unakuwa mwekundu, na watu wa Shamu huichanganya na ufuta na majani makavu ya zaatari kwa kifungua kinywa. Wairani wamekwenda mbali zaidi: kwenye meza ya mwaka mpya wao wa Nauruzi, bakuli la sumaki ni miongoni mwa vitu saba vinavyowekwa.

Ng'ambo ya Atlantiki, bila kuwasiliana na yeyote kati ya hawa, watu wengine walikuwa wameshaijua siri hiyo hiyo.

Amerika Kaskazini ina misumaki yake. Mkubwa kuliko yote ni Rhus typhina wa kaskazini-mashariki, ambao matawi yake machanga yana manyoya laini na vichala vyake husimama wima juu ya ncha za matawi. Upo pia Rhus glabra, usio na manyoya kwenye matawi, ulioenea karibu bara zima. Na magharibi kukavu upo Rhus trilobata, kichaka kifupi chenye majani matatu matatu. Wenyeji wa bara hilo hawakuitumia sana kama kiungo cha kunyunyiza. Wao walikunywa. Vichala vilivyoiva vilipondwa kidogo, vikalowekwa majini, maji yakachujwa na kutiwa sukari ya utomvu wa mti wa mepo. Huron Smith, aliyekaa na Waojibwe wa eneo la Maziwa Makuu na kuchapisha kazi yake mwaka 1932, aliandika kwamba walitumia matunda mabichi au makavu, wakayatia sukari ya mepo, wakanywa baridi au moto. Hilo la makavu ni muhimu. Katika nchi ambayo theluji hufunika ardhi kwa miezi, kichala kilichotundikwa ndani ya nyumba kilikuwa kinywaji chenye ugwadu katikati ya baridi, wakati ambapo hakuna tunda lolote bichi.

Kule magharibi, Wanavajo walifanya jingine. Husaga matunda ya msumaki wa majani matatu, wakayachanganya na unga wa mahindi na kupika uji mzito mwekundu uitwao chiiłchin. Vijiti vya kichaka hicho hicho husukiwa vikapu vya ibada zao. Na kwenye mbuga za Mto Missouri, mtaalamu Melvin Gilmore aliandika mwaka 1919 kwamba makabila yote ya huko yalichuma majani ya Rhus glabra yanapogeuka mekundu, wakayakausha kwa kuvuta. Misumaki hiyo ikatoa kinywaji, uji, vikapu na majani ya kiko.

Wageni kutoka Ulaya waliuona mti huu mapema. Mtaalamu wa mimea Pehr Kalm, mwanafunzi wa Linnaeus aliyetumwa kutoka Uswidi, alifika Philadelphia mwaka 1748. Akaandika kwamba matawi yakichemshwa pamoja na matunda hutoa rangi nyeusi ya wino, na kwamba wavulana huyala matunda bila kudhurika ingawa ni makali mno. Angalizo zuri, la mtu anayetazama kwa makini. Lakini ona nani aliyekuwa akila: watoto. Wazazi wao hawakulitia tunda hilo katika vyakula vya nyumba. Walipolihitaji ilikuwa wakati wa dhiki. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli za Kaskazini zilipozifunga bandari za Kusini, daktari Francis Peyre Porcher wa Charleston alitoa mwaka 1863 kitabu kizima cha mimea ya porini inayoweza kushika nafasi ya bidhaa zilizokosekana, na msumaki umo ndani. Vita vikaisha, bandari zikafunguliwa, ndimu na malimau ya meli yakarudi.

Jani, kwa upande wake, lilipata utajiri. Katika karne ya 19 Palermo ilikuwa bandari kuu ya sumaki duniani. Wakulima wa Sisilia walikata matawi wakati wa kiangazi, wakayakausha juani, wakapukutisha majani, yakasagwa chini ya mawe mazito ya mviringo na kujazwa magunia kwenda Uingereza na Marekani. Wachuuzi wasio waaminifu walichanganya humo majani ya vichaka vingine vya porini, na wanunuzi wakawa na vita vya kudumu dhidi ya ulaghai huo. Virginia ikajaribu kuchukua sehemu ya soko: vinu vilifunguliwa Richmond na miji mingine, na watu wa vijijini, wengi wao maskini, wakachuma majani ya misumaki ya porini na kuyauza kwa uzito. Kile ambacho mwenyeji alikuwa akikichuma kwa ajili ya kiko chake sasa kilipimwa kwenye mizani ya kiwanda.

Sifa ya jani hili haikuwa ya bure. Mwishoni mwa karne hiyo wakutubi wa Uingereza waliona vitabu vipya vikimeguka majalada ilhali vya zamani vimesimama imara. Chama cha Sanaa cha London kikaunda kamati ya kuchunguza, ikatoa ripoti yake mwaka 1901, na baadaye, mwaka 1905, kitabu kamili. Matokeo yake yalikuwa wazi: ngozi iliyosindikwa kwa sumaki ilikuwa miongoni mwa zile zinazodumu kuliko zote, na zile za tanini nyingine za bei nafuu na asidi kali ndizo zilizokuwa zikioza. Ushahidi haukuokoa biashara. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York alikuwa ameshapata hataza ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromu, njia ya haraka iliyopunguza kazi ya wiki kadhaa hadi siku chache. Kidogo kidogo vinu vya Palermo na Richmond vikanyamaza.

Sisilia ndiyo inayonisikitisha zaidi. Kisiwa kilichokuwa na sumaki kuliko mahali pote, tena kilichowahi kutawaliwa na Waislamu waliopika kwa tunda hilo, kililima msumaki kwa karne nzima kwa ajili ya jani tu. Kulikata jani kiangazini ni kuukata mti kabla tunda halijaiva. Soko lilipokufa, hapakuwa na jiko la kulipokea tunda, na matuta ya misumaki yakaachwa yageuke pori. Katika milima ya Palestina, Shamu, kusini-mashariki mwa Uturuki na Iran, ambako mtu alichuma tunda kwa ajili ya chungu chake mwenyewe, kuja kwa kromu hakukuwa habari. Na Waojibwe waliendelea kutundika vichala vyao.

Sasa neno la tahadhari, kwa sababu ukoo wa mti huu una ndugu mbaya. Msumaki ni wa jamii moja na mwembe na mkorosho. Anayejua jinsi mafuta ya ganda la korosho yanavyochubua vidole vya wabanguaji wa Mtwara, au jinsi utomvu wa embe unavyowasha midomo, ameshaonja tabia ya jamii hiyo. Huko Amerika kuna mti wa vinamasi ambao zamani wanasayansi waliuweka katika jenasi ya misumaki na sasa wameutenga, Toxicodendron vernix. Utomvu wake hutia malengelenge kwenye ngozi. Kuutambua si kazi ngumu. Matunda yake ni meupe au ya kijivu, yananing'inia kwa ulegevu, na mti husimama penye maji. Tunda la kunywa ni jekundu, limesongamana kwenye kichala kilichosimama wima, na mti hupenda penye ukavu. Anayedhurika na ngozi ya embe au korosho mbichi afadhali aonje sumaki kwa uangalifu.

Afrika Mashariki nayo ina ndugu wapole wa jamii hii. Mmoja ni Searsia natalensis, ambao Wakikuyu huuita muthigiu na Wamaasai olmisigiyioi. Kwa miaka mingi ulijulikana kama Rhus kabla wataalamu hawajaihamishia misumaki ya Afrika kwenye jenasi yake. Vijitunda vyake huliwa na watoto na wachungaji malishoni. Pwani haikuhitaji zaidi ya hapo, ikiwa na ukwaju, ndimu na embe mbichi.

Kinywaji cha Waojibwe na majirani zao kimepata wapenzi wapya tangu Euell Gibbons alipoandika habari zake katika kitabu chake cha vyakula vya porini mwaka 1962, na leo wapo wanaokitengeneza Canada na Marekani kila mwisho wa kiangazi. Kanuni zake zote zinatokana na pale ugwadu ulipo. Asidi ya tunda, ambayo sehemu yake kubwa ni ile ile ya tofaa, hukaa kwenye vinyweleo, kwa hiyo mvua kubwa huiosha na kuacha vichala vyekundu visivyo na ladha. Mchumaji hungoja siku kadhaa za jua, akalamba tunda moja kabla ya kukata kichala. Maji yawe baridi, si ya kuchemka, maana moto huivuta tanini ya vijiti na mbegu, na kinywaji hujaa ukakasi. Vichala sita au saba hupondwa kwa mkono ndani ya lita mbili za maji, huachwa saa chache au usiku kucha, kisha maji huchujwa kwa kitambaa kilichofumwa karibu karibu, kwa kuwa vinyweleo vikipita huwasha koo. Kinachobaki ni maji ya rangi ya waridi, makali, yanayotaka sukari ya mepo au asali. Anayetaka kiungo badala ya kinywaji huvikausha vichala, huvisugua juu ya chekeche mpaka ngozi nyekundu ianguke na mbegu zibaki juu, na unga ule akautumia kwenye nyama kama wafanyavyo watu wa Shamu; ladha na rangi yake hutofautiana kidogo na za Rhus coriaria.